Siku Nilipokuambia Uandike "Hakuja"

Mumbua mwanangu,

Barua hii haina safari ndefu. Nimeiandikia hapa hapa kwetu Tulia, nimekaa kwa kigoda mlangoni pa ikumbi, ile ghala yetu ya fito na udongo, na kutoka hapa naona kitanda chako kupitia dirishani. Wewe umeenda Mbumbuni kuagana na nyanya yako. Namjua mama yangu, hatakuachilia kabla hujala mara mbili, kwa hivyo nina mchana wote. Kesho nitaitia ndani ya begi lako, chini ya sweta. Usiisome ndani ya gari. Isome ukifika, ukishafunga mlango wa chumba chako.

Sitakuambia uchemshe maji ama ulale ndani ya neti. Hayo nimesema mpaka siku hizi unanijibu kabla sijamaliza. Ninayotaka kusema ni jambo ambalo nimelizunguka miaka kumi na miwili, na nimeona nikikuacha uende bila kulisema utaenda kulikuta huko, bila mimi.

Nianze na kile kitabu chako cha historia, kwa sababu hapo ndipo nilipoanza kujishuku.

Ulikuwa kidato cha kwanza. Ulikuwa unanisomea jikoni nikichagua ndengu. Ukanisomea habari za watu wa zamani sana, wa nchi ya mito miwili, mahali pakavu kama huku kwetu. Walikuwa wanawinda na kuokota matunda ya mwituni, halafu wakaanza kupanda shayiri na ngano, wakachimba mifereji, wakakaa mahali pamoja. Mpaka hapo nilikuwa nawaelewa kabisa, ni kama nilikuwa nimewaona. Kisha ukasoma, haraka haraka, kwamba vijiji vilikua vikawa miji, miji ikakua ikawa dola, na dola zikakua zikawa himaya. Nikakusimamisha.

"Vilikua aje?"

"Vilikua tu, Mama. Chakula kilikuwa kingi, kikabaki."

"Kikabaki kwa nani?"

Ukacheka. "Wewe unashuku hata watu waliokufa."

Ni kweli, nilikuwa nawashuku. Kunde hukua. Mbuzi hukua. Lakini sijaona watu wakikua wakawa mji bila mtu mmoja kuacha jembe na kwenda kusimama mlangoni. Nikakuambia endelea kusoma, huyo mtu yuko hapo mbele, tutamkuta. Na kweli tulimkuta. Kitabu kilisema nafaka iliwekwa kwa nyumba ya mungu wao, ikalindwa na makuhani, na mlango ukafungwa kwa udongo mbichi uliopigwa muhuri, ili mtu akifungua ijulikane. Halafu ukafika mahali pa kuandika. Kitabu kilisema watu wa kwanza kuandika hawakuandika barua wala maombi. Waliandika nani ameleta shayiri na nani amepewa.

Wewe ulishangaa. Ulisema, "Yaani kalamu ilianza kwa ghala?"

Mimi sikushangaa. Nilikuambia ndengu za mwaka huu zina mawe mengi, nikatoka nje. Unakumbuka nilikaa sana huko nje? Nilikuwa hapa hapa nilipokaa sasa.

Wewe ulikuwa mdogo mwaka ule mvua zilipokosa misimu miwili. Mwethya wetu, kile kikundi cha kuchimba pamoja, ulikuwa kikundi cha wanawake tu waliochoka. Leo tunachimba fanya juu, ile mitaro ya kuzuia maji yasibebe udongo, kwa shamba la huyu, wiki ijayo kwa huyo, tunaimba, tunakula kilichopo, tunaenda. Hapakuwa na mkubwa. Ile njaa ilipotupiga tukasema, mvua ikirudi kila mmoja ataleta sehemu ya mavuno, tuweke pamoja. Nani ana ikumbi kubwa? Baba yako, Mungu amrehemu, alikuwa amejenga hii. Kwa hivyo ikawa hapa. Hakuna aliyepanga ubaya. Hata kufuli ilinunuliwa kwa sababu ya nyani, sio watu.

Na ilitusaidia. Nataka ulijue hilo kabla hujasikia mengine. Msimu mbaya uliofuata hakuna mtoto wa mwethya aliyelala njaa, na wewe mmoja wao. Kama kila mtu angebaki na kibuyu chake chini ya kitanda, tungezika watoto. Mtu akikuambia ghala ni kitu kibaya, jua huyo hajawahi kukosa.

Lakini ufunguo ulikuwa shingoni mwangu, kwa uzi.

Sikuiba hata punje, Mumbua. Wengine watakuambia niliiba, na hiyo ingekuwa rahisi kusema. Mambo yalikuja pole pole. Kwanza wanawake wakaanza kunisalimia wakiwa mbali. Halafu shamba langu likawa linachimbwa la kwanza, kwa sababu eti ndipo ghala ilipo, na mitaro ikikaa vizuri hapa maji hayataingia kwa nafaka. Nilisema ni busara. Halafu siku moja nikaumwa na kiuno, nikaletewa kigoda, nikawa nakaa nikionyesha kwa mkono, hapa palainishwe, pale paongezwe. Kiuno kikapona. Kigoda kikabaki. Halafu tukamweka ami yako, ndugu ya baba yako, alale kwa mlango wa ghala na rungu. Alikuwa anakula kama mtu aliyechimba na hajawahi kushika jembe. Na wale wanawake wa ng'ambo ya mto, wenye kikundi chao kidogo, walipoishiwa walikuja kuomba tuungane. Tukakubali. Lakini tukasema wachimbe kwanza upande wetu msimu mmoja.

Uliponisomea kuhusu wafalme waliovuka mito kuchukua shayiri ya wengine, nilikuwa nawaona nikijua hata walivyokaa. Himaya yangu ilikuwa na wanawake thelathini na ng'ambo moja ya mto, lakini kigoda ni kigoda.

Sasa Kalunde.

Unamkumbuka kama shangazi aliyekupa vigae vya kuchezea. Mimi namkumbuka kama mtu wa pekee ambaye hakubadilisha sauti. Wengine wote walikuwa wamefika mahali pa kuniita Mwenyekiti. Yeye aliniita Mwikali, vile alivyoniita tangu tulipoolewa huku mwaka mmoja, mimi kutoka Makueni na yeye kutoka huku juu. Na ule mtama mfupi, unaoiva kabla mvua haijakimbia, ni yeye aliyeuleta kwenye ghala. Kibuyu kimoja, kutoka kwa mama yake. Sisi wote tulikuwa tunapanda mbegu ya Kalunde.

Siku moja tukiwa kwa mtaro akasimama, akashika kiuno, akaniangalia pale nilipokaa.

"Mwikali, jembe lako lilipotelea wapi? Naona siku hizi unachimba na kidole."

Wanawake wakacheka mpaka mmoja akakaa chini. Na mimi nikacheka, lakini nilicheka na meno tu. Akaendelea, sasa bila mchezo. "Mimi naona hii nafaka tuihamishie pale kanisani. Kila mtu anapita hapo, kila mtu ataona."

"Kwani hapa kuna nini kisichoonekana?"

"Sijui. Hakionekani."

Hapo walicheka kidogo tu, wakaniangalia kwanza. Nilirudi nyumbani nimewaka. Nilikuwa najiambia huyu anataka ufunguo. Nilimshuku kwa sababu mimi mwenyewe ningekuwa yeye ningeutaka.

Sasa hii ndiyo sehemu yako, na naomba usinisaidie kuisahau.

Ulikuwa darasa la tano na mwandiko wako ulikuwa mzuri kuliko wa mtu mzima yeyote hapa. Mimi niliachia shule darasa la nne na nilikuwa nimesahau hata hiyo. Ndiyo maana daftari ya mwethya ulishika wewe. Jumamosi kazi ikiisha ulikuwa unasimama juu ya jiwe, unaita majina, aliyekuja unaandika alikuja. Tulikuwa tumekubaliana kwamba asiyekuja mara tatu hapati mbegu.

Jumamosi ile Kalunde alikuja kabla ya jua. Mimi mwenyewe ndiye nilimtuma na punda wake wawili aende achote maji kwa mchanga wa mto, kwa sababu mtungi ulikuwa mkavu. Alileta ya kwanza, tukanywa wote. Akarudi kwa ya pili. Uliposoma jina lake hakuitika.

Ukasema, "Yuko mtoni, anakuja."

Nikakuambia, "Andika hakuja."

Uliinua macho. Bado nayaona hayo macho. "Lakini Mama, maji tumekunywa."

"Andika."

Ukaandika.

Jumamosi ya pili nilimtuma tena mtoni, saa ile ile. Ukaniuliza tena, lakini kwa sauti ndogo. Ya tatu hukuuliza. Uliangalia tu upande wangu, ukaandika. Wakati ule nilifurahi nikasema, mtoto ameanza kuelewa kazi. Sasa hivi hilo ndilo linaloniamsha, zaidi hata ya mtama.

Kabla ya mvua tukagawa mbegu. Kalunde alikuja na kiondo chake, anatania watu kwenye laini kama kawaida. Alipofika mbele nilikuambia usome. Ukasoma. Hakuja. Hakuja. Hakuja. Alidhani ni mzaha, akacheka peke yake. Halafu akaangalia wale wanawake, mmoja mmoja, wale wale aliowapa maji. Kila mmoja alikuwa ameshashika mbegu yake. Kila mmoja akaangalia mbegu. Siwalaumu, ufunguo ulikuwa shingoni mwangu.

Hakunigombeza. Aligeuka kwako.

"Mumbua, na wewe hukuniona?"

Uliangalia miguu yako. Mimi mama yako nilikuwa hapo, ningeweza kusema neno moja na kukutoa kwa hiyo aibu, na sikusema. Kalunde akakunja kiondo chake. Akaniambia, "Sawa, mwaitu." Unajua vile neno hilo ni la heshima, vile mtu anavyomwita mama mkubwa. Hakuwa ameniita hivyo hata siku moja. Nililala nikilisikia.

Alipanda mbegu za kuokota sokoni, zikakauka zikiwa kimo cha goti. Miezi michache baadaye yeye na mume wake walipakia punda wakashuka kule chini, karibu na mto mkubwa, kwenye mashamba yasiyo na wenyewe. Uliponiuliza nilikuambia wamepata shamba zuri. Hiyo pia haikuwa kweli. Waliondoka kwa sababu yangu.

Na unajua kilichonipata mimi? Hakuna. Hapakuwa na radi. Hakuna aliyenivua ufunguo. Kwaya iliniimbia Krismasi kama kila mwaka. Ila msimu uliofuata mama mmoja akaleta nusu ya sehemu yake, akasema wadudu. Mwingine akasema mume wake amekataa. Wale wa ng'ambo siku moja hawakuvuka tu. Ami yako akachukua rungu lake akaenda kulinda duka la mtu. Asubuhi moja nilifungua kufuli nikakuta panya wanaangaliana.

Kitabu chako kilisema kuna miji mikubwa ya kale iliyoachwa na watu, kuta zikabaki peke yake, na wasomi hawajui vizuri kwa nini. Wengine wanasema ni ukame, wengine chumvi kwa udongo, wengine maadui. Inawezekana. Mimi si msomi. Lakini ningeweza ningewauliza wale waliopakia punda, ni nani alisoma majina yao siku ya mwisho.

Mwaka ulipoingia kidato cha pili nilienda ngumbaru, ile shule ya watu wazima. Mlicheka, wewe na kaka yako, mama na daftari. Mkadhani nataka kusoma Biblia. Nilitaka usiwahi tena kushika kalamu kwa ajili yangu. Neno la kwanza nililoandika bila kusaidiwa, mwalimu aliuliza kwa nini hilo na si jina langu. Niliandika alikuja.

Sasa unaona kwa nini sikuruka ruka barua yako ya kazi ilipofika. Ulidhani nimekasirika kwa kuwa unaenda mbali. Hapana. Nilikuwa kwa baraza siku afisa mmoja alipoleta picha kubwa ya huo mradi wa kule chini unakoenda: mfereji kutoka kwa mto, mashamba yaliyonyooka kama daftari, ghala ya mabati, ofisi, soko, taa za barabarani. Akasema, "Hapa mji utakua." Nilisikia shingo yangu ikiwasha mahali ule uzi ulikuwa. Halafu ukaniambia kazi yako, kuandika wakulima waliokuja kuchimba mfereji, na aliyekuja ndiye atakayepata maji.

Nikakuuliza nani ana ufunguo wa maji. Ukasema kuna kamati. Nikauliza nani ana ufunguo wa kamati. Ukasema, "Mama, wewe unashuku kila kitu." Ukaingia ndani na kumbe ulikuwa umefurahi na nimekuharibia. Nisamehe kwa hiyo jioni.

Sisemi usiende. Mtu lazima aandike, na ni afadhali awe wewe. Hata hao watu wa mito miwili sidhani walijua njia nyingine. Wangekataa ghala wangekufa, walipokubali ghala wakapata mfalme. Mimi sina jibu la hilo, na ninashuku anayesema analo. Ninachojua ni cha kwangu tu, na ni kidogo. Sikuharibika kwa njaa. Niliharibika siku kiuno kilipona na sikusimama. Kwa kigoda huoni mtoni. Unaona tu wale walio mbele yako, na unaanza kudhani hao ndio watu wote.

Watakupa meza na kiti kizuri. Kalia, kazi ni kazi. Lakini kabla hujaandika kwamba mtu hakuja, inuka uende uangalie mahali maji yanatoka. Na kama kuna mkubwa atakayesimama nyuma yako aseme andika, na macho yako yameona lingine, muulize. Mara ya pili muulize. Ile ya tatu ndiyo ngumu, mimi ndiye niliyekufundisha kuinyamazia, kwa hivyo hiyo uniwekee mimi lawama, kisha uulize.

Kuna moja limebaki. Yule muuza mbuzi anayepita huku alikuwa huko mwezi uliopita. Kalunde yuko hapo kwa mradi. Shamba lake liko ndani ya ile picha. Atakuja mbele ya meza yako, Mumbua, kwa laini kama wengine. Labda hatakujua. Lakini una paji la uso langu, na nadhani atakujua kabla hujainua kichwa.

Kando ya begi nimeweka kiondo, na ndani kuna kibuyu. Ni ule mtama wake. Ile sehemu ndogo nyuma ya nyumba ambayo ulikuwa unaniambia niwaachie kuku, nimekuwa nikiupanda hapo kila msimu, nikivuna, nikichagua mbegu, ili usipotee. Sikuwahi kuupika. Mpelekee nyumbani kwake, usimpe kwa laini. Usimwandike popote. Usiniombee msamaha, huo ni wangu na nitashuka mwenyewe nikimaliza kupalilia, kama atakubali nikanyage kwake. Akiukataa, rudi nao, sitakasirika.

Na kama atakuuliza tena lile swali alilokuuliza siku ile, sasa wewe ni mtu mzima. Sitakuambia cha kujibu. Nilishakuambia cha kuandika mara tatu na hiyo ilitosha.

Mimi langu nimeandika hapa, kwa mkono wangu, pole pole, ili ulione. Kalunde alikuja. Jumamosi zote tatu alikuja, na maji tulikunywa.

Nasikia mbwa wanabweka kwa njia. Ni wewe unarudi.

Mama yako,
Mwikali